Pai ya Tanzania na Pai ya Kongo

Somo la mwisho ambalo binamu yangu alisoma Goma lilikuwa kichwa cha somo tu. Mwalimu wao wa hesabu aliandika ubaoni kwamba siku hiyo wataanza kutofautisha namba zinazoandikika kama sehemu na zile zisizoandikika, akapiga mstari chini yake, na chaki ikamwishia mkononi.

"Akasema, mungoje, naenda kutafuta chaki," binamu yangu alikuwa akisimulia. "Mi ningali nangoja."

Asubuhi ile mizinga ilianza kusikika, wanafunzi wakatawanyika, na kabla wiki haijaisha yeye na mama yake walikuwa wamevuka mpaka na magodoro kichwani kuja Gisenyi, Rwanda. Babu na bibi zetu waliuhama mji huu zamani. Yeye alikuwa akiuona kila siku ng'ambo ya kizuizi cha forodha, akiambiwa kuwa ndiko kwao, naye akiona mabati tu.

Mimi nilifika mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka ambao barabara ya Ruhengeri ilianza tena kupitika bila abiria kushika roho mkononi. Wazazi wangu walikuwa wametoka Karagwe, Tanzania, wakapata shamba mashariki ya Rwanda mahali ambapo sekondari ilikuwa mbali. Kwa hiyo nikapelekwa kwa shangazi, dada wa baba yangu, mjane na mshonaji, mama wa binamu yangu huyo. Nilikuja na sanduku la bati, Kinyarwanda cha kubahatisha, na imani kubwa juu ya akili zangu. Sanduku lilishika kutu kwa unyevu wa ziwa. Kinyarwanda kikanyooka polepole. Ile imani ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi kushughulikiwa, na kazi ilianza na namba.

Wenyewe kwa wenyewe walisemezana Kinyarwanda. Nikiingia mimi walihamia Kiswahili, kwa huruma. Chao kilikuwa Kiswahili cha Goma, changu cha redio na shule ya msingi, na kila upande uliamini kwamba upande wa pili unaongea kwa mzaha.

Binamu yangu alinizidi umri kiasi cha kunituma dukani bila kusema tafadhali. Kila asubuhi alivuka kwenda Goma na beseni la nyanya, mchana akarudi na vitenge. Aliifanya kazi hiyo vizuri na aliichukia kimyakimya. Kisha ikatangazwa kanisani kwamba shule moja ya bweni, upande wa Nyundo, ingepokea katika mwaka wa nne, mchepuo wa hesabu na fizikia, vijana waliopoteza makaratasi yao vitani, kwa sharti la kufanya mtihani. Waliopita umri wangefumbiwa macho mwaka ule tu. Yeye alikuwa ameshaupita. Akifaulu, anaendelea pale alipoachia. Akishindwa, ni nyanya.

Alikwenda kuulizia, na mkuu wa masomo wa shule hiyo akamwambia kuwa maswali yatatoka mwisho wa programu ya mwaka wa tatu. Yaani yatatoka nyuma ya ile chaki iliyokwisha.

"Petit," aliniambia jioni ile, maana ndivyo alivyoniita mdogo wake, akivua viatu mlangoni, "ile mambo ya namba, we uliisoma?"

"Niliisoma."

Nilikuwa nimeisoma Karagwe, kidato cha kwanza, kwa Kiingereza, wiki moja, nikiwa na malaria. Sikuona haja ya kutaja malaria.

"Bon. Utanifundisha."

Nikakubali kwa unyenyekevu wa mtu anayevishwa taji.

Tulisomea sebuleni, ambako shangazi alikuwa na cherehani yake karibu na dirisha. Sebule ile ilikuwa imevikwa nguo kuliko sisi. Kila kiti kilikuwa na kitambaa mgongoni, kila stuli na kitambaa cha duara chenye lesi pembeni, hata redio ilikuwa na chake. Ndivyo shangazi alivyoishi, kwa kushona vitambaa vya meza, na sebule ilikuwa ndiyo kabati lake la maonyesho. Alitupa mabaki ya karatasi za kukatia mitindo ya nguo, tukachana vipande vidogo, tukaandika namba moja kwa kila kipande, na kuvitia vyote katika kopo tupu la siagi. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kutoa kipande na kukiweka kwenye fungu lake. Kazi yangu ilikuwa kukohoa kama mwalimu.

Kanuni nilimpa kwa ufupi. Namba ikiandikika kama sehemu, namba nzima juu na namba nzima chini, hiyo ni namba wiano. Ikishindikana kabisa, hata ukihangaika vipi, hiyo si wiano. Tatu ni wiano, kwa kuwa ni tatu juu ya moja. Robo tatu inajieleza yenyewe. Kwa maneno hayo ilionekana kazi ya mchana mmoja.

Tatizo la kwanza lilikuwa alama ya mkato. Alikuwa ameandika 0,75 kwa mtindo wa Kifaransa, nami niliyezoea nukta nikasoma namba mbili.

"Sifuri ni wiano," nikatangaza. "Na sabini na tano nayo ni wiano."

"Sabini na tano gani?"

"Hii hapa."

"Hii ni kitu moja! Yebaba we. Mama, huyu mutoto wa Tanzania anapasua namba kama muhogo."

Tatizo la pili lilikuwa vipeuo. Alitoa kipeuo cha pili cha mbili, akakiweka upande wa wasioandikika, kwa haki kabisa. Akatoa kipeuo cha pili cha tisa, akakiweka papo hapo juu ya mwenzake.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Zimevaa kofia moja."

"Kofia haitoshi. Mvue uone kuna nani ndani. Namba gani ukiizidisha kwa yenyewe unapata tisa?"

Akafikiri kidogo, akacheka. "Ni tatu! Donc hii ilijificha tu." Akakichukua kile kipande, akakirudisha kwa wenzake wa kawaida, na kukipiga kofi dogo la mgongoni.

Tukaendelea hivyo, hii huku, ile kule, huyu si wa upande huu, mtoe, mpeleke kule, mpaka nikagundua kwamba cherehani imenyamaza. Shangazi alikuwa ametugeukia, mkono bado juu ya gurudumu.

"Munagawanya nini?" aliuliza.

"Namba, shangazi."

"Namba tu?"

"Namba tu."

Aliyatazama yale mafungu mawili juu ya mkeka. Miaka ile, baada ya mauaji, kulikuwa na maneno ambayo mtu mzima aliyasikia kwa masikio mengine, na mimi niliyekulia Karagwe nilikuwa bado sijajua ni yapi. Binamu yangu alijua. Aliacha kucheka.

"Na zikiisha kugawanyika," shangazi akauliza, "zinafanywa nini?"

"Hakuna kitu, mama. Zote zinakaa kwa mustari moja, hii karibu na ile, vile vile. Tunataka tu kuzijua."

Shangazi alifikiri. Kisha akageukia kazi yake. "Bon. Mukimaliza, muzichanganye tena."

Toka siku hiyo ikawa sheria ya nyumba. Somo likiisha, kabla hatujainuka, sauti ilitoka dirishani: "Mumechanganya?" Na mmoja wetu alilitikisa kopo ili asikie.

Tulifika kwenye pai Jumapili moja ya mvua, wiki ya mwisho kabla ya mtihani. Pai, kwa aliyeisahau, ni ile namba inayosema mzingo wa duara ni mara ngapi ya kipenyo chake, yaani ukizunguka ukingo umetembea mara ngapi ya aliyekatiza katikati. Binamu yangu alitoa kipande chake, akasoma, na kukiweka kwa wiano bila kusita.

"Vizuri," nikasema. "Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ni trois virgule quatorze. Tatu virgule kumi na nne. Mia tatu na kumi na nne juu ya mia."

"Hapana. Ni wiano, ndiyo, lakini kwa sababu ni ishirini na mbili juu ya saba."

"Ishirini na mbili imetoka wapi?"

Imetoka wapi! Nilikulia na ishirini na mbili juu ya saba. Kila mtihani wa darasa la saba ulituagiza tuitumie. Maduara yote ya Tanzania, kwa utiifu, yalikuwa na nusu kipenyo cha saba, au kumi na nne, au ishirini na moja, ili yagawanyike bila kusumbua watoto. Sikuwahi kukutana na duara lenye nusu kipenyo cha tano. Nadhani nisingelisalimia.

"Kwetu pai ni tatu virgule kumi na nne," alisema. "Kongo muzima."

"Kongo nzima inakosea."

"Sha! Tanzania iko na maduara yake?"

Kwa kuwa nilikuwa msomi, nilipendekeza vipimo. Tulichukua kitambaa kikubwa cha duara ambacho shangazi alikuwa amemaliza kukikata, kikiwa na upana wa mita moja hivi. Tukakizungushia lesi ukingoni, tukashika mahali zilipokutana ncha, tukainyoosha lesi kwenye futi ya kushonea. Nilipovuta mimi, ilitoka pai ya Tanzania. Alipovuta yeye, ilitoka pai ya Kongo. Lesi ni kitu cha kuvutika, na tofauti tuliyokuwa tunaigombania haikufika nusu sentimita katika kitambaa kizima. Tulirudia mpaka shangazi akapiga kelele kwamba tunamharibia mali.

"Nyinyi munapima nini?"

"Tunataka kujua mzingo, shangazi. Wewe unakataje?"

"Mimi nakunja kitambaa, napima katikati, mara tatu, naongeza kiganja."

"Na inatosha?"

"Inabakia. Ile inabakia naweka kwa mufuko ya aproni."

Kwa hiyo hakukuwa na msaada kutoka kwa mafundi. Tukafanya amani kama serikali mbili zilizochoka. Iwe ya kwake, iwe ya kwangu, zote ni sehemu, zote zina namba nzima juu na namba nzima chini, basi pai ni wiano na tuendelee. Nikakigonga kile kipande kwa kidole kama mtu anayepiga muhuri. Ulikuwa uamuzi wa pamoja wa nchi mbili, uliotolewa kwa nia njema, na ulikuwa makosa matupu.

Jumatatu alirudi kutoka Goma na uso wa mashaka. Kwenye foleni ya mpakani alikutana na msichana aliyesoma shule ile ya Nyundo, akamwuliza kuhusu pai, na msichana akamjibu, kama mtu anayetaja siku ya soko, kwamba pai iko na wale wasioandikika.

"Amekosea," nikasema.

"Anasoma pale pale, petit."

"Watoto wa bweni wanakula maharage mengi, wanasinzia darasani."

Hakucheka. "We ukikosea, unakula chakula ya jioni kama kawaida. Mi nikikosea niko na beseni kichwani maisha yangu yote. Unasikia?"

Nilisikia.

Alikwenda mezani kwa mama yake, akachukua chaki ya mshonaji, ile bapa ya buluu, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Akaandika ishirini na mbili, akaandika saba pembeni yake kwa mtindo wao wa Kifaransa, na kuanza kugawanya.

"Unafanya nini?"

"Ulisema ni moja, ya kwako na ya kwangu. Nataka kuona."

Saba katika ishirini na mbili, mara tatu, baki moja. Akaweka mkato. Kumi, mara moja, baki tatu. Thelathini, mara nne, baki mbili. Hapo tayari ilikuwa tatu na kumi na nne, naye akaniangalia. Kama pai yake ilikuwa sahihi na yangu ilikuwa hiyo hiyo, hesabu ilipaswa kuishia pale. Haikuisha. Ishirini, mara mbili, baki sita. Sitini, mara nane, baki nne. Arobaini, mara tano, baki tano. Hamsini, mara saba, baki moja.

"Moja," alisema. "Tulianza na moja."

Aliendelea, na namba zikaanza kujirudia kwa mpangilio ule ule, moja, nne, mbili, nane, tano, saba, kisha moja tena. Sakafu ilijaa mpaka karibu na mlango. Ghafla akasimamisha mkono.

"Itarudi tu siku zote."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukigawanya na saba, baki haiwezi kufika saba. Ni moja mpaka sita. Ukizimaliza zote, lazima ukanyage mahali ulishakanyaga. Ni kama kuzunguka soko, utapita tu tena mbele ya yule mama wa dagaa." Alikaa chini kwenye saruji. "Sehemu yoyote, petit. Ama inaisha, ama inarudi. Haina njia ingine."

Nilikuwa nimeishika kanuni ile vizuri sana, tangu Karagwe. Kwamba ina sababu ndiyo kwanza nasikia, kutoka kwa mwanafunzi wangu, aliyekuwa na chaki ya buluu puani.

"Sasa," alisema, "ya kwangu inaisha. Ya kwako inarudi. Haziko kitu moja. Pai ni ipi?"

"Pengine moja kati yake ni kweli."

"Ama zote mbili ni uongo."

Mwalimu wangu wa hesabu pale mjini alikuwa amesomea Bujumbura, mtu mwembamba aliyevaa koti la suti hata jua likiwaka, na aliyesahihisha madaftari yetu akitembea. Siku iliyofuata binamu yangu alitoka mpakani moja kwa moja hadi shuleni kwetu, akaliacha beseni nje ya mlango wa darasa, akaingia. Nilimwelezea mwalimu ugomvi wetu kwa namna iliyonipendeza mimi. Binamu yangu akaueleza tena kwa namna iliyo kweli. Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani.

"Mmoja kaleta ya Waingereza, mwingine kaleta ya Wabelgiji," alisema. "Zote ni za kukadiria, wanangu. Watu wameikata pai mahali walipochoka. Pai yenyewe haiishi, na hairudi. Ukiifuata, hutapita mbele ya mama wa dagaa mara ya pili kwa mpangilio ule."

"Inajulikanaje kama hairudi?" binamu yangu akauliza. "Labda inarudi mbali sana."

Mwalimu akarudisha miwani, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Hilo ni swali," alisema. "Ipo hoja, lakini ni ndefu, na mimi mwenyewe niliipata chuo kikuu, nikaielewa siku ya mtihani tu. Pai itabidi uniamini. Lakini kipeuo cha pili cha mbili naweza kukuonyesha sasa hivi, na ukikiona hutamhitaji mtu wa kumwamini."

Akakionyesha. Tuseme ni sehemu, alisema, na tumeirahisisha mpaka mwisho, kwa hiyo juu na chini haziwezi kuwa shufwa zote mbili, maana tungegawanya kwa mbili tena. Ya juu ikizidishwa kwa yenyewe ni mara mbili ya ile ya chini ikizidishwa kwa yenyewe. Basi ya juu ni shufwa. Lakini kama ya juu ni shufwa, ukiiandika kama mara mbili ya kitu na kufuata hesabu, unakuta ya chini nayo ni shufwa. Tulisema haiwezekani, na sasa imekuwa. Kwa hiyo sehemu hiyo haikuwepo tangu mwanzo.

Binamu yangu alisogea hadi mbele ya ubao. Kisha akasema, kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya mtu aliyeona gari lake likipita, "Kumbe ndiyo hii alitaka kutuonyesha." Nikajua anamsema yule mwalimu wa Goma. Huyu wa kwetu hakujua, wala hakuuliza. Alimpa kipande cha chaki, akafuta ubao, akasema, "Sasa wewe."

Aliirudia mpaka geti likafungwa. Njia nzima ya nyumbani, na beseni tupu kichwani, alikuwa akinong'ona shufwa na witiri, na watu wa barabarani walimpisha.

Siku ya mtihani nilimsindikiza Nyundo kwa miguu, nikiwa nimebeba rula yake kama mchukuzi wa mfalme. Walikuwa wengi, baadhi yao watu wazima wenye ndevu, wamekaa kwenye nyasi wakijiuliza kwa lugha zote tulizorudi nazo. Nilisubiri chini ya ukuta wa kanisa mpaka mchana. Alipotoka alitangulia mbele hadi tulipoiacha shule nyuma na barabara ikaanza kuteremka kuelekea ziwani.

"Ile ya kuandika ilipita," alisema. "Namba ziko kumi, tuzigawe. Pai ilikuwa pale."

"Ukaiweka wapi?"

"Pale inatakiwa. Kisha wakatuita moja moja kwa ubao. Mukuu wa masomo ndiye aliuliza. Akasema, mademoiselle, wengi hapa wameandika pai ni wiano. Wewe hapana. Nani alikuambia?"

"Ukasema?"

"Nikasema, nyumbani kwangu pai inaisha, na kwa binamu yangu inarudi. Namba moja haiwezi kuisha upande huu wa barrière ya forodha na kurudi upande ule. Donc zile ni desturi za watu, haziko pai."

"Yeye je?"

"Alicheka kidogo na pua. Akasema, thibitisha. Nikasema, pai siwezi, niliambiwa na mutu ninaamini. Lakini kipeuo cha mbili naweza. Akasema, haya. Nikaanza." Akahamishia mfuko wake mkono mwingine. "Nikafika katikati, pale ya juu imekuwa shufwa. Chaki ikaisha."

Nilisimama barabarani.

"Ikaisha, petit. Nikamwonyesha mukono hivi. Akaangalia kwa kibao, hakuna. Akasema, ngoja, naenda kutafuta chaki."

"Ee Mungu."

"Akatoka. Nikasimama pale mbele ya ubao. Nikasema, basi, na huyu amekwenda. Nikasikiliza nje. Kulikuwa tu na watoto wanacheza mpira."

"Halafu?"

Alianza kutabasamu, na tabasamu lile lilichukua muda kufika mwisho.

"Akarudi. Na chaki mbili."

Majina yalibandikwa wiki iliyofuata, na lake lilikuwemo. Sikumbuki lilikuwa la ngapi. Nakumbuka kwamba orodha ya vitu vya kwenda navyo bweni ilikuwa ndefu kuliko programu ya fizikia, na kwamba beseni la nyanya liliingizwa humo kama beseni la kuogea. Mimi muhula ule nilipata alama ya wastani katika jaribio la hesabu. Nilikuwa nimejaa ualimu mno, nikasahau kusoma swali, na ilipokuja 3,14, kwenye fungu la wiano nikaandika tatu, halafu nikaandika kumi na nne. Mwalimu alipiga duara jekundu kuzunguka hizo mbili. Duara zuri, la mkono huru.

Sakafu shangazi aliipiga deki, lakini chaki ya mshonaji ni sugu, na karibu na mlango iliendelea kusomeka kwa muda mrefu, moja, nne, mbili, nane, tano, saba. Kopo la siagi binamu yangu aliliacha kwangu, likiwa limechanganywa.

Asubuhi ya kuondoka, shangazi alikuwa anamshonea kitambaa cha mwisho, cha duara, cha kufunikia stuli ya kitandani huko bweni, ili wasione kwamba ametoka nyumba isiyo na mtu. Alikuwa amekunja kitambaa, amekipima katikati, lesi mkononi, mkasi tayari. Akasita.

"We umesoma sasa. Nikate mara ngapi?"

Binamu yangu alikuwa akifunga godoro kwa kamba, goti juu yake.

"Mara tatu na kidogo, mama."

"Hiyo kidogo ni ngapi? Sema tu, wewe ndiye wa hesabu."

"Ile kidogo haiishi. Hakuna mutu aliifikisha mwisho."

Shangazi alimtazama kuona kama anatania. Akaona hatanii. Akavuta lesi, mara tatu, akaweka kiganja chake juu, akafikiri, akaweka na kidole kimoja zaidi, akakata.